Maji: neno la kunywa lililoingia vitani

 

Neno letu leo ni hilo hilo unalolingojea kwenye foleni ya bomba: maji. Hapa kambini Mrundi anasema amazi, Mkongomani anasema mayi, mwenyeji wetu Mtanzania anasema maji. Mzizi ni mmoja, wa lugha zetu za Kibantu. Lakini mtu akilitamka mara mbili, Maji Maji au Mayi-Mayi, wengi wetu tunashtuka. Neno la kunywa liligeukaje kuwa neno la vita?

Turudi mwaka 1905, kusini mwa Tanzania, wakati wa utawala wa Wajerumani. Watu walilazimishwa kulima pamba kwa malipo madogo sana, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya dawa. Aliwaambia kwamba aliyepata dawa hiyo, risasi ya Mzungu ikimfikia itageuka maji.

Mwezi Julai Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vikaanza. Mwezi Agosti Kinjikitile alinyongwa, lakini neno lake lilikuwa limekwisha kuondoka. Lilifika kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, hata Wangoni. Watu wasiokuwa na mfalme mmoja waliunganishwa na neno moja.

Tarehe 30 Agosti maelfu waliliendea boma la Mahenge wakiiamini dawa. Ndani kulikuwa na bunduki za rashasha. Wengi walianguka pale pale.

Baadaye Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua wengi kuliko risasi. Wajerumani walitaja vifo 75,000; wanahistoria wengine wanafikisha 250,000 hadi 300,000.

Sasa tuvuke ziwa, tuingie Kongo mwaka 1964. Wapiganaji wa Simba mashariki walipewa dawa yao, wakashambulia wakipiga kelele "Mayi Mulele", yaani maji ya Mulele, kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi wa Kwilu. Tangu miaka ya 1990, vikundi vingi vya Kivu navyo vikaitwa Mayi-Mayi. Sisemi kwamba vita vya Tanzania ndivyo vilivyozaa hivi vya Kongo. Nasema neno ni lile lile, na ahadi ni ile ile.

Usiwacheke wazee wa 1905. Walikuwa na mikuki mbele ya bunduki, na walichoka kuonewa. Maji yale yaliwapa umoja na moyo. Kuzuia risasi, hayakuweza.

Nilipokuwa mdogo, kijana wa jirani yetu aliondoka usiku baada ya kunyunyiziwa maji hayo. Hakurudi. Mama yake tuko naye hapa kambini, na bado anamtaja tukienda kuchota.

Mzazi, mweleze mtoto wako maana zote mbili za neno hili. Na wewe kijana mwenzangu, mtu akikuahidi kwamba risasi haitakupata, muulize: wale wa Mahenge waliahidiwa nini?

Kesho asubuhi bomba litafunguliwa. Nenda na dumu lako. Tukutane kipindi kijacho.