Hezbon Owiti, mchonga chapa wa Nyanza

HEZBON Owiti ni miongoni mwa Wakenya waliojipatia jina mapema kwa picha za chapa. Alizaliwa mwaka 1946 katika Nyanza ya Kati, wilaya ya enzi za ukoloni iliyojumuisha Usenge, ufuo unaotazamana na kisiwa cha Mageta, karibu na Got Ramogi, mlima wa Ramogi, babu wa Wajaluo.

Kipaji chake kilikuzwa Nairobi, katika kituo cha Chemchemi kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini. Baadaye alikwenda Nigeria.

Kazi yenyewe yataka subira. Msanii huchora kinyume juu ya kipande cha linoleamu, ile ya kutandikia sakafu, kisha huchimba kwa kisu. Palipochimbwa hubaki peupe. Palipoachwa hupakwa wino na kugandamizwa karatasi. Kisu kikiteleza, kosa halifutiki. Lakini kipande kimoja hutoa nakala nyingi, hivyo picha huuzwa kwa bei nafuu.

Ajabu ni kwamba anayetaka kumsoma Owiti hutafuta zaidi vitabu vya ng'ambo, ilhali visa vya Ramogi bado vinasimuliwa Usenge, na linoleamu chakavu haina gharama.