SALAHUDDIN WA KWENYE KOMPYUTA



Ndugu yangu, kijana mmoja alinifuata baada ya darsa akaniambia, "Sheikh, Salahuddin mimi namjua, nimempigania vita vyake vyote." Kumbe anazungumzia Age of Empires II, mchezo wa kompyuta uliotoka 1999. Sikumkaripia. Nilimwomba anionyeshe.

Mna ya kweli mle. Hattin ipo, na ipo hatua ya kuuzingira mji wa Quds. Lakini Mamluki wa mchezoni anarusha panga akiwa juu ya ngamia! Mamluki walisifika kwa farasi na upinde. Na upanga ukishautupa, utapigana na nini? Tulicheka sote.

Hiyo ni kasoro ndogo. Kubwa ni kwamba mji ukishaanguka, mchezaji anapelekwa hatua nyingine, na hapo ndipo penye historia yenyewe.

Sikiliza. Mwaka 1099 Wasalibi waliingia Quds wakachinja watu ovyo. Mwaka 1187 Salahuddin alipouzingira, mwanzo alikataa kupokea mji kwa amani. Alitaka kuutwaa kwa upanga kama walivyoutwaa wao. Balian, aliyeongoza ulinzi wa mji, akamtishia kwamba watawaua mateka Waislamu na kuibomoa Qubbatus-Sakhra. Salahuddin akashauriana na wenzake, akabadili msimamo. Wakakubaliana fidia: mwanamume dinari 10, mwanamke 5, muda siku 40. Akaingia mjini Ijumaa, 27 Rajab 583 Hijria. Hapakuwa na mauaji kama yale ya 1099.

Sasa nawe usiifanye historia iwe mchezo kwa upande wetu. Wapo masheikh wanaosimulia hapa na kuishia hapo, kana kwamba wote waliondoka huru. Hapana. Masikini wapatao 7,000 walikombolewa kwa jumla ya dinari 30,000, na ndugu yake Salahuddin, Al-Adil, aliomba apewe watu 1,000 akawaacha huru. Wazee wengi waliachiwa bila malipo. Lakini maelfu waliokosa fidia walichukuliwa utumwani. Imeandikwa na wanahistoria Waislamu wenyewe.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sheikh, hao waliobaki walikuwa watoto pia?"

Nikamwambia, ndiyo, na watoto walikuwamo.