Kabati Lililobaki Arusha

Barua ya kazi ilifika Jumatatu, na walitaka jibu kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kazi ya kutafsiri na kuhariri, mkataba wa miaka miwili, mahali pa kazi Arusha. Mshahara si wa kumtajirisha mtu, lakini kwa aliyekaa miezi minane akiokota vibarua vya hapa na pale, ulikuwa mshahara. Nilimsomea mama nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza, "Arusha ile ya mjomba wako?"

Kwetu ni Voi. Kutoka Voi, Arusha iko karibu kuliko Nairobi, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka uwatolee ramani. Unapita Mwatate, unateremka hadi Taveta, unavuka Holili, unaingia Moshi, kisha unaendelea kama kilomita 80 kuelekea magharibi. Zote pamoja hazifiki 250. Hata reli iliwahi kutuunganisha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walitandika njia kutoka Voi kupitia Taveta ili kuwafuata Wajerumani, ikakutana huko mbele na ile ya Tanga, ambayo ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Arusha yenyewe ilipata treni mwaka 1929. Kwa hiyo wazee wetu walipokwenda upande ule hawakuona kwamba wanakwenda ng'ambo. Ng'ambo kwao ilikuwa Kisumu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Sasa ana miaka themanini na ushee, anakaa nyumba ya nyuma, na miaka yote niliyomjua hakuwa mtu wa kuizungumzia Arusha. Tulichojua sisi watoto ni kwamba alikwenda huko kijana akarudi 1977 na sanduku la bati na redio. Na kwamba aliporudi aliongea vibaya. Yaani aliongea vizuri mno. Akiingia dukani anasema "naomba sukari" badala ya "nipe sukari", na vijana wa Voi wanacheka. Mpaka leo husema "naomba".

Nilipoona mama amenyamaza siku tatu, nikaona bora nianze kusoma. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichomrudisha mjomba, na kama kinaweza kunirudisha na mimi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Kenyatta, Nyerere na Obote, ukaanza kutumika Desemba 1 mwaka huo huo. Miezi michache kabla, tarehe 5 Februari, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, basi mji ule mdogo chini ya Mlima Meru ukajikuta unatajwa duniani kwa mambo mawili ndani ya mwaka mmoja. Kabla ya hapo huduma za pamoja zilikuwa zikiendeshwa kutoka Nairobi, na wenzetu wawili walikuwa wamechoka na hilo. Kila kitu kizuri kilikaa Kenya. Ndipo wakagawana: reli na ndege zibaki Nairobi, bandari ziende Dar es Salaam, posta na simu pamoja na benki ya maendeleo ziende Kampala, na makao makuu yenyewe yahamie Arusha.

Ukisoma mgao huo kwenye kitabu ni mstari mmoja. Lakini kila neno "yahamie" lilikuwa na makarani ndani yake, wapiga chapa, madereva, wahasibu, watu wenye wake na shule za watoto, wanaoambiwa mwisho wa mwezi ripoti mahali fulani. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani mdogo Nairobi, umri miaka ishirini na mbili, ameoa juzi. Alipanga chumba Ngarenaro, mkewe akabaki Voi na shamba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mjomba hakuniambia, nililikuta mwenyewe katika kusoma. Mji huo ulikuwa na hesabu zake kabla ya makarani wa Nairobi kufika. Maji na udongo wa Meru, mlima wa mita zaidi ya 4,500, ndivyo vilivyowavuta watu tangu zamani, na ndivyo vilivyowavuta Wajerumani. Boma lao walilijenga kuanzia mwaka 1900 hivi, Waarusha na Wameru wakilazimishwa kufanya kazi. Leo ni makumbusho. Wakaja walowezi. Na mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi wapewe Wazungu wafuga ng'ombe. Wameru walimtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akaeleza kesi yao. Ardhi hawakurudishiwa hapo hapo, ila dunia ilisikia. Nasema haya kwa sababu sisi wenye kufuata mishahara hupenda kudhani kwamba historia ya mji inaanza na barua zetu za ajira. Mjomba alipoteza kabati. Wengine pale walipoteza mashamba, tena bila kuhama kufuata kazi ya mtu.

Nitafika kwenye kabati.

Mambo ya Jumuiya hayakuharibika siku moja. Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Mkataba ulitaka marais watatu ndio wawe mamlaka ya juu. Baada ya hapo hawakukaa tena pamoja. Ofisi ziliendelea kufunguliwa asubuhi, mihuri ikagongwa, lakini wa kuamua mambo makubwa hawakutani. Fedha za mashirika zikaanza kukwama katika nchi zilikokusanywa. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likasimama, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za watalii kutoka Kenya zikazuiliwa huko. Katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na hapo ikawa imekwisha kabisa.

Kutoka 1971 hadi 1977 ni miaka sita. Swali langu kwa mjomba lilikuwa hilo: je, hamkuona?

Nilimpata jioni, anasikiliza taarifa. Nikamwambia kuhusu barua. Akapunguza redio.

"Tuliona, mjomba," akasema. Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. "Kila mtu aliona. Chai ya saa nne ilikuwa ni hiyo tu, leo Amin kasema nini, Nyerere kajibu nini."

"Sasa mbona hukurudi mapema?"

Akanieleza ndipo, kwa mara ya kwanza, habari ya kabati. Mwaka 1976 alikuwa amehama Ngarenaro kwenda Sekei, vyumba viwili, kwa mama mmoja mwenye nyumba ambaye alimpenda kwa kuwa alilipa kodi tarehe mosi. Akamwita fundi amtengenezee kabati la mninga, milango mitatu. Miezi miwili ya mshahara ilikwenda humo. Mkewe alikuwa aje Aprili 1977, na watoto wawili, na alishaandikiwa aje na nguo zote.

"Wenzangu walinicheka. Mkenya mmoja aliniambia, wewe unanunua kabati wakati wenzako wanauza vitanda. Nikamwambia, nimeishi kwenye sanduku miaka minane. Nimechoka kuwa mgeni."

Februari ilipofika mpaka ukafungwa, mke yuko upande huu, mume upande ule. Kilomita zisizofika 250. Njia aliyorudi nayo hakunieleza vizuri, na sikumbana. Kabati alimwachia mama mwenye nyumba.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, wakati Nyerere, Moi na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, walipokutana Arusha. Mei mwaka uliofuata wakatia saini mgao wa mali, kazi aliyoisimamia Mswisi Victor Umbricht kwa miaka kadhaa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Injini, majengo, meli, madeni. Mwaka huo huo mjomba alipanda gari akaenda Sekei. Mama mwenye nyumba alikuwepo, kazeeka, na kabati lilikuwepo, limejaa sare za shule za wajukuu. Alimpikia ndizi. Alimwambia, chukua kabati lako, baba, nimekutunzia. Mjomba akala, akashukuru, akarudi Voi na gari la jioni.

"Ningelibebea wapi?" akaniambia. "Halafu lilikuwa na kazi."

Majengo nayo yalipata kazi. Yale marefu matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya, yaligeuzwa mwaka 1978 kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa. Katika mji huo ulitiwa saini mkataba wa amani ya Rwanda tarehe 4 Agosti 1993, ambao haukuizuia damu ya mwaka uliofuata. Na ndani ya majengo hayo hayo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilisikiliza kesi. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Wakaja majaji, wakalimani, wapelelezi, na Arusha ikawa tena mji wa watu wenye mikataba ya muda. Tarehe 31 Desemba 2015 mahakama ikafungwa, wakaondoka, ikabaki ofisi ndogo ya kumalizia shughuli. Jumuiya yenyewe ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999, na tangu 2012 ina makao yake mapya, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani. Sijui Wajerumani wa lile boma wangesema nini.

Kwa hiyo nikiuliza kama kazi ya Arusha ni ya kudumu, historia inanijibu wazi kwamba hapana, haijawahi kuwa. Imeamuliwa Kampala, Nairobi, New York. Lakini mimi nina kazi gani ya kudumu hapa Voi?

Kuna mambo mengine ambayo vitabu vya siasa haviyataji. Maji yanayotoka kwenye mlima ule yana floraidi nyingi, na watoto wanaokulia sehemu hizo meno yao hubadilika rangi, kahawia, usiweze kuyasugua yakatakata. Binti yetu ana miaka mitatu, meno ya ukubwani bado yanajiumba ndani ya ufizi. Itabidi maji ya kunywa yanunuliwe, na hilo ni fungu la mshahara. Halafu baridi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti mlima hujifunika mawingu siku nyingi. Mama, ambaye Voi hulalamika baridi ya Taita ikimfikia, aliposikia hilo alipata hoja mpya.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba niende peke yangu, niiache familia kwake, nije mwisho wa mwezi. Mpaka siku hizi ni masaa, alisema. Nilikaribia kukubali, kwa kuwa inaonekana ni busara. Mke wangu ndiye aliyekataa. Yeye huuza nguo za watoto sokoni, ana wateja wake, na anajua anachoacha. "Mjomba alienda peke yake ili iwe rahisi kurudi," alisema. "Ilikuwa rahisi?"

Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na mkataba wake unazungumza juu ya wafanyakazi kuvuka kwa uhuru. Hata hivyo Mkenya anayeajiriwa Tanzania bado anahitaji kibali cha kazi, na Jumuiya sasa ina nchi nane, si tatu. Migogoro ya mpakani, mara mahindi, mara vifaranga, tumeisikia. Nimeyaweka yote kwenye daftari.

Alhamisi usiku nilijibu. Niliandika kwamba nakubali, nikauliza mambo matatu: kibali kitalipiwa na nani, mke na mtoto wataandikishwaje, na kama naweza kuanza Septemba, baridi ikishapungua. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu, ananisikiliza nikisoma kwa sauti.

"Hapo pa 'nataka kujua'," akasema, "andika 'naomba'."

Nikafuta, nikaandika naomba, nikatuma.