Sanduku la Bati na Cheti cha Philippa

Riwaya yangu ya upelelezi ilikwama ukurasa wa 50 na kitu. Msichana, mpelelezi wa kujitolea tu, anagundua kwamba wazazi waliomlea hawakumzaa. Anagunduaje? Anafungua sanduku la bati la mama, anakuta barua. Rafiki yangu tunayesomeana miswada akacheka: "We jamaa, sanduku tena?"

Niliumia, lakini alisema kweli. Ujanja huu ni wa zamani mno. Mwaka 1895 Oscar Wilde alishaufanyia mzaha kwenye tamthilia: mtoto mchanga kasahauliwa ndani ya mkoba, stesheni ya Victoria, London!

Basi nikatafuta wenzetu walitokaje hapo, nikaangukia *Innocent Blood* ya P. D. James, ya mwaka 1980. Humo hakuna sanduku. Kuna sheria.

England na Wales zilianza kuasili watoto kisheria kwa sheria ya 1926. Mtoto aliandikwa kwenye daftari jipya, na njia ya kurudi kwenye lile la kuzaliwa ikafungwa. Bila amri ya mahakama, huipati. Scotland wao tangu 1930 walimruhusu aliyefika miaka 17 kujua. England ikangoja sheria ya 1975, iliyoanza kutumika kwa jambo hili Novemba 1976: ukifika miaka 18, unaomba, unapata cheti chako cha kwanza. Walioasiliwa zamani walipaswa kuonana na mshauri kwanza. Ndiyo hivyo tu. Siri ya ukoo mzima, unaifuata ofisini!

P. D. James aliacha shule ana miaka 16 (wa Form Four tusikate tamaa), na hadi 1979 alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Karatasi za serikali alizijua. Akampa cheti hicho msichana wake Philippa, aliyekuwa akiota kwamba baba yake ni mkubwa fulani mwenye jumba. Anaifuata anwani, jirani anamweleza: baba alimbaka mtoto wa watu, mama akamuua mtoto huyo. Baba kafia gerezani. Mama anakaribia kutoka. Na baba wa yule marehemu naye anamsaka mama huyo, kisu mkononi. Wapelelezi wawili, na hakuna hata mmoja aliye polisi.

Swali la "nani" linajibiwa mapema kabisa. Linabaki la "sasa je?", na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Maana mimi nililelewa na mama mkubwa, nikimwita mama. Nilijua siku ya kujaza fomu ya shule. Karani aliuliza jina la mama mzazi. Mama mkubwa akanyamaza kidogo, akalitaja jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani.

Ukurasa wa sanduku nimeuchana. Sasa msichana wangu amesimama dirishani kwa karani, kalamu imeinuliwa, na mama hajajibu.