Hukumu Tuliyoisahau ya Bomu la Dar

Daftari la wageni katika gesti za Makambako lina safu zile zile za nchi nzima: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Dereva wa lori la Tunduma hulijaza huku anasinzia, na abiria wa Songea vivyo hivyo. Ni ulinzi wa siku nyingi, na una kazi yake. Ila waliolipua ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam hawakuhitaji gesti. Walipanga nyumba Ilala, wakanunua lori la jokofu aina ya Nissan Atlas, wakalijaza baruti na mitungi ya gesi. Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa 4:39 asubuhi, likalipuka nje ya ubalozi. Watu 11 walikufa, hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao, 85 walijeruhiwa. Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa asubuhi ile ile, walikufa zaidi ya 200.

Bomu tunalikumbuka. Yaliyofuata mahakamani tumeyasahau, na kwangu mimi hayo ndiyo urithi mkubwa zaidi. Rashid Swaleh Hemed alishtakiwa Dar es Salaam kwa mauaji ya wale 11, akakaa rumande miaka sita. Desemba 2004 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hofu ya Septemba 11 ilikuwa bado mbichi, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilikuwa imeshapitishwa tangu 2002. Hata hivyo, kesi ilisikilizwa mpaka mwisho na hukumu ikatolewa.

Afrika Kusini nako, Mei 2001, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba serikali ilivunja sheria ilipomkabidhi Khalfan Khamis Mohamed, mshtakiwa mwingine wa bomu la Dar, kwa Wamarekani bila ahadi kwamba hatauawa. Mohamed hakuponyoka kwa sababu hiyo: New York ilimfunga maisha.

Baadaye sisi tulipotea njia. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walisota mahabusu kwa miaka, "upelelezi haujakamilika", mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alipofuta mashtaka ya ugaidi Juni 2021. Mwezi uliofuata akakamatwa Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, naye akashtakiwa kwa ugaidi. Kesi yake ikafutwa Machi 2022. Kote huko hakuna hukumu iliyotueleza ushahidi ulikuwa na uzito gani.

Hasara yake inafika hadi huku Makambako, mkoani Njombe. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipouawa Njombe, watu walianza kumshuku kila mgeni. Katika hali kama hiyo polisi humtegemea mwananchi aseme alichokiona, naye husema akiamini kwamba atakayemtaja atafikishwa mahakamani na kesi itakwisha. Akizoea kuona watu wanaozea rumande, atanyamaza.

Tishio halijaondoka: Oktoba 2020 wavamizi kutoka Msumbiji waliua watu Kitaya, Mtwara. Bunge liweke ukomo wa upelelezi katika kesi za ugaidi, na muda ukiisha DPP alete ushahidi mbele ya jaji au mshtakiwa arudi kwao.