Uyoga na Miti: Habari za Chini ya Ardhi

Wasikilizaji, mvua za kwanza zikinyesha katika bonde la Kilombero, wanawake na watoto huingia miomboni kutafuta uyoga. Kila aokotaye ajua kwamba uyoga haumei popote: aina hii hutafutwa chini ya myombo, na aina ile juu ya kichuguu. Wazee wetu walijua hayo tangu zamani. Lakini sababu yake ilichukua miaka mingi kupatikana, na habari hiyo ndiyo tutakayoieleza leo.

Uyoga tuuonao ni kama tunda tu. Mwili wa kuvu yenyewe umo udongoni, nao ni nyuzi nyembamba mno. Katika mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliyekuwa ameagizwa kuchunguza uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi, aliona ncha za mizizi ya miti zimevikwa nyuzi hizo kama ala ivikavyo kisu. Watu walizoea kudhani kwamba kuvu ni adui wa mti. Yeye alisema kwamba huulisha. Mwungano huo aliuita mikoriza, maana yake kwa Kiyunani ni kuvu na mzizi. Wengi walimpinga.

Lakini ushahidi ulizidi kupatikana. Katika mwaka 1927 Kessell, bwana misitu wa Australia Magharibi, alieleza jinsi miche ya misonobari ilivyodhoofika vitaluni, hata ulipoletwa udongo kutoka mahali ambapo misonobari ilistawi, ndipo ikapona. Katika Afrika Mashariki nako watunza vitalu walijifunza kuchanganya udongo wa namna hiyo, kwa kuwa msonobari ni mgeni, na kuvu yake haikuwamo katika ardhi yetu.

Je, miti yetu wenyewe? Katika mwaka 1981 Högberg na Nylund walitoa habari za miombo ya pwani ya Tanzania, na mwaka uliofuata Högberg akaeleza miti mingi zaidi. Ilionekana kwamba myombo na mkongo huvikwa ala ya kuvu, nyingi zikiwa za jamaa ya uyoga. Mninga una kuvu ya namna nyingine, iingiayo ndani ya mzizi wala haitoi uyoga; na msaji, uliopandwa kwa wingi Kilombero tangu miaka ya 1990, ni wa namna hiyo pia. Uyoga wa kichuguuni nao hautegemei mti, bali hulimwa na mchwa.

Biashara yao ni hii: kuvu haina majani, haiwezi kujitengenezea sukari kwa nuru ya jua, basi mti huipa. Nayo, kwa nyuzi zipenyazo pasipofika mzizi, huuletea mti maji na fosforasi.

Katika mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake, huko Kanada, walionyesha kwamba kaboni yaweza kutoka mti mmoja hata mti wa aina nyingine. Watu wakaanza kusema kwamba miti mikubwa hulisha watoto wake. Lakini katika mwaka 2023 Justine Karst na wenzake walionya kwamba maneno hayo yamepita ushahidi. Basi nasi tusiyafundishe kana kwamba yamekwisha kuthibitika.

Lililo hakika latutosha. Mtu akifyeka myombo wote na kung'oa visiki, huondoa kuni na kivuli, na pamoja navyo chakula cha kuvu. Na hata akipanda misaji mahali pale, uyoga ule hautarudi kwa ajili yake. Lakini kisiki cha myombo kisipong'olewa huchipua tena, na mizizi iliyo hai ni makao ya kuvu. Kwa hiyo yeye afunguaye shamba kando ya kilima yampasa kuacha baadhi ya miti, ili mvua zijapo watoto wake wapate pa kwenda na vikapu vyao.