Sindano na Ubongo wa Mtu Aliyekesha: Historia ya Swali Moja

Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu wa Kichina kilichokusanywa takribani miaka 2000 iliyopita, kina maelezo juu ya mtu asiyepata usingizi. Nguvu ya kinga, iitwayo weiqi, huzunguka mwilini mara 50 kwa siku: mara 25 mchana katika yang, na mara 25 usiku katika yin. Ikikosa njia ya kuingia katika yin, macho hayafumbi. Kazi ya sindano ni kuifungulia njia hiyo. Hesabu hii ni ya mizunguko ya nguvu, si ya ubongo, na hapo ndipo penye ugumu wote uliofuata.

Ubongo uliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Patrick na Gilbert waliwakesheza watu 3 kwa muda wa saa 90. Mmoja wao alifikia kuona sakafu imetandwa chembe zinazokimbia. Walipolala hatimaye, walilipa sehemu ndogo tu ya saa walizopoteza, nao wakaamka wazima. Ikiwa deni halikulipwa kwa saa, lililipwa kwa nini?

Jibu lilingoja chombo. Mwaka 1924 Hans Berger wa Jena alinakili umeme wa ubongo wa binadamu, naye akautangaza ugunduzi huo mwaka 1929. Kwa chombo hicho ilidhihirika baadaye kwamba aliyekesha, akilala, ubongo wake hutoa kwa wingi mawimbi makubwa ya polepole. Kadiri mkesha ulivyorefuka, ndivyo mawimbi yanavyozidi. Juu ya msingi huo Alexander Borbély wa Zurich alijenga, mwaka 1982, nadharia yake ya haja ya usingizi inayojikusanya tangu mtu aamkapo. Kisha zikaja picha za sumaku. Mwaka 2007 Yoo, Walker na wenzao walionyesha kwamba baada ya saa 35 hivi bila usingizi, amigdala, kiungo cha ubongo kishughulikiacho hofu, huitikia picha za kuchukiza kwa asilimia 60 zaidi.

Picha hizo hizo ziliwavutia watetezi wa sindano. Mwaka 1998 Zang-Hee Cho na wenzake walitangaza kwamba kuchoma kidole kidogo cha mguu, mahali ambapo Wachina huchoma kwa maradhi ya macho, huamsha sehemu ya ubongo ya kuonea. Habari ilienea upesi, maana ilionekana kuunganisha kitabu cha kale na mashine mpya. Mwaka 2006 Cho na baadhi ya wenzake waliiondoa makala yao: uhusiano wa mahali fulani na sehemu fulani ya ubongo haukusimama. Uungwana huo unastahili kukumbukwa kuliko kosa lenyewe.

Mwaka ule ule wa 1998, huko Heidelberg, Streitberger na Kleinhenz walitangaza kitu kisicho na fahari: sindano ya uongo, ambayo ncha yake hurudi ndani ya mpini, hata mgonjwa adhani amechomwa.

Tangu hapo maabara za China zimewakesheza watu wa kujitolea, zikawachoma mahali kama Shenmen, penye kifundo cha mkono, na kupiga picha kabla na baada. Picha hubadilika. Si ajabu: mtu aliyelazwa, akaguswa na kutulizwa, ubongo wake utabakije vile vile? Tena wanaopimwa huwa wachache.

Kahawa nayo huubadili ubongo wa aliyekesha, kwa kuizuia adenosini isipokelewe, lakini deni hubaki palepale. Wanaoidai sindano makubwa kuliko ya kahawa hawana budi kuyahesabu mawimbi ya polepole ya usiku unaofuata, kwa waliochomwa kweli na kwa waliodhani wamechomwa.